Sarajevo na Milima Yake: Theluji, Mizinga, na Theluji Tena

Juma hili twende mbali kidogo, hadi kusini-mashariki ya Ulaya, katika mji wa Sarajevo, makao makuu ya nchi ya Bosnia na Herzegovina. Sisi wa rika langu, tuliokuwa shule ya msingi miaka ya mwanzo ya 1990, jina la mji huo tulilisikia karibu kila jioni katika taarifa ya habari, likifuatana na maneno "makombora", "wadunguaji" na "kusitisha mapigano". Wengi wetu hatukujua kwamba miaka minane tu kabla ya hapo jina hilohilo lilitangazwa dunia nzima kwa sababu ya furaha. Wala hatukujua kwamba milima iliyoleta furaha ile ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuleta makombora.

Kwanza tuutazame mji wenyewe ulivyokaa. Sarajevo iko bondeni, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na katikati yake unapita mto mdogo uitwao Miljacka. Kila upande ukigeuza macho unakuta mlima. Kusini, juu kabisa ya mitaa ya zamani, umesimama Trebević, mita 1,627. Nyuma yake, kuelekea kusini-mashariki, iko Jahorina yenye mita 1,916. Upande wa kusini-magharibi iko Igman yenye misitu minene, na nyuma ya Igman iko Bjelašnica, mita 2,067, mlima ulio mtupu kileleni na wenye upepo mkali. Kwa vipimo vyetu hivyo ni vilima tu. Uluguru yetu ya Morogoro inavuka mita 2,600 na hakuna anayeipigia kelele. Lakini hapa habari si urefu, ni ukaribu. Mtu wa Sarajevo hutoka kazini mchana, akala, akapanda gari, na kabla ya saa moja kwisha yuko kwenye theluji. Na kwa Trebević hahitaji hata gari, kwa maana mlima unaanzia pale nyumba zinapoishia.

Watu wa bonde lile wameishi na milima hiyo kwa namna nyingi. Waturuki waliotawala huko karne kadhaa waliiona kuwa mahali pa kuni, malisho na maji. Waaustria waliowapokonya Waturuki utawala mwaka 1878 waliiona kuwa mahali pa ngome, na pia pa elimu: mwaka 1894 walifungua kituo cha kupimia hali ya hewa kwenye kilele cha Bjelašnica, na wapimaji wakakaa huko wakihesabu upepo na baridi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia milima ikawa kimbilio. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Januari 1942 wapiganaji wa Tito, wakiwakimbia Wajerumani, walivuka Igman kwa miguu katika baridi ya nyuzi zaidi ya 30 chini ya sifuri. Wengi waliganda vidole na miguu ikabidi ikatwe. Kwa miaka mingi baadaye kila mtoto wa shule wa Yugoslavia aliisoma safari ile kama watoto wetu wanavyosoma Vita vya Majimaji.

Baada ya vita hiyo ndipo mlima ukaanza kuwa wa starehe kwa mtu wa kawaida. Tarehe 3 Mei 1959 mji ulifungua gari la waya la kupanda Trebević, yaani vijumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma na kuvutwa kwa mtambo. Jambo hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kubwa kuliko linavyoelezwa katika vitabu. Fundi viatu wa mtaa wa Bistrik, ambaye hakuwa na gari wala fedha ya hoteli, alikata tiketi Jumapili, akamchukua mkewe na watoto, na kwa dakika chache akawa juu ya mji akila mkate wake chini ya misonobari. Wakati wa baridi walipanda na mbao za kutelezea, wakati wa joto walipanda na kikapu cha chakula. Mlima ukawa kama uwanja wa nyuma wa kila nyumba.

Sasa tuje kwenye mwaka 1978. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Athens, Ugiriki, kuchagua mji wa kuandaa Michezo ya Majira ya Baridi ya mwaka 1984. Sarajevo ilishindana na Sapporo ya Japani, ambayo ilikwisha kuiandaa michezo hiyo mwaka 1972, na Gothenburg ya Sweden. Duru ya kwanza Sapporo iliongoza kwa kura 33 dhidi ya 31. Duru ya pili Sarajevo ikashinda kwa kura 39 dhidi ya 36. Ilikuwa mara ya kwanza michezo hiyo ya baridi kupelekwa katika nchi ya kijamaa. Yugoslavia, kama mnavyokumbuka, ilikuwa nguzo mojawapo ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na Tito alikuwa rafiki wa viongozi wetu wa Afrika. Hapana shaka msimamo huo wa katikati ulisaidia, maana baada ya Wamarekani kuisusia Moscow mwaka 1980, na kabla Warusi hawajaisusia Los Angeles katika majira ya joto ya 1984, wote wawili walikuja Sarajevo bila ugomvi.

Kazi ya maandalizi aliikamata Branko Mikulić, mwanasiasa wa Bosnia ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Yugoslavia. Tito mwenyewe hakuiona michezo, kwa kuwa alifariki Mei 1980. Barabara za milimani zilipanuliwa, hoteli zikajengwa, na kampuni ya televisheni ya ABC ya Marekani ikalipa dola milioni 91.5 kwa haki ya kuonyesha. Kazi ziligawanywa kwa milima: wanaume waliteremka Bjelašnica na wanawake Jahorina, Igman ikapewa mbio za masafa marefu na mruko wa theluji, na juu ya Trebević ikajengwa njia ya saruji yenye urefu wa mita 1,300 hivi, iliyopindapinda kama utumbo, ili vigari visivyo na magurudumu viteremke juu ya barafu yake kwa kasi ya kutisha. Bjelašnica ilikuwa na kasoro moja. Sheria zilitaka mteremko wa mbio kubwa uwe na tofauti ya mita 800 kati ya juu na chini, na mlima ulipungukiwa na mita chache. Wahandisi hawakubishana na sheria wala na mlima. Walijenga jengo la mkahawa kileleni, na mkimbiaji akaanza mbio yake kutoka ghorofani.

Siku zilipokaribia, theluji haikuonekana. Wageni walifika wakakuta majani ya mwaka jana. Kisha, michezo ilipofunguliwa tarehe 8 Februari 1984, ikaanguka theluji isiyo na kiasi, na tufani juu ya Bjelašnica ikasababisha mbio kubwa ya wanaume kuahirishwa tena na tena hadi tarehe 16. Wananchi na askari walitoka na makoleo kusafisha barabara. Nchi 49 zilishiriki. Miongoni mwa washindani alikuwamo Lamine Guèye wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kushindana katika michezo hiyo ya baridi. Sisi Waafrika ya Mashariki tunamkumbuka zaidi Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa wa mwisho kule Nagano mwaka 1998 huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri mwishoni ampongeze. Lakini njia ilifunguliwa na yule Msenegali, na ilifunguliwa Bjelašnica.

Kuna jambo moja la michezo ile ambalo wazee wa Sarajevo hawachoki kulisimulia. Yugoslavia haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya majira ya baridi. Tarehe 14 Februari kijana wa Kislovenia, Jure Franko, akachukua medali ya fedha katika Bjelašnica. Mji ukalipuka kwa shangwe. Watu waliimba mitaani kwamba wanampenda Jure kuliko bureki, na bureki ni ule mkate wa tabaka tabaka wenye nyama ndani, ambao Mbosnia hawezi kuupitisha siku bila kuutamani. Nawaomba mlishike jambo hilo: Waislamu, Waserbia na Wakroeshia wa Bosnia wakimshangilia Mslovenia kuwa ni mtoto wao. Miaka saba na miezi michache baadaye Slovenia ilijitangazia uhuru, na Yugoslavia ikaanza kuvunjika kama chungu.

Baada ya 1984 milima haikulala. Mashindano ya kimataifa yaliendelea kuja, na wananchi wakaifaidi mitambo waliyoachiwa. Ndipo siasa za ukabila zikapanda. Mwishoni mwa Februari 1992 Bosnia ilipiga kura ya maoni, wengi wa Waserbia wakaisusia, na waliobaki wakachagua uhuru. Mwanzoni mwa Machi, kabla vita haijapewa hata jina, mlinzi wa gari la waya la Trebević aliuawa kazini. Tarehe 6 Aprili, umati ulioandamana kudai amani ulipigwa risasi kutoka hoteli ya Holiday Inn, ile iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa Olimpiki. Hoteli hiyohiyo ndiyo waandishi wa habari wa dunia waliyokaa miaka yote ya vita, upande mmoja wa jengo ukiwa haukaliki kwa sababu ya risasi.

Mizinga ilikuwa imekwisha kupandishwa. Jeshi la Yugoslavia, na baadaye jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić, liliushika mzunguko wa vilima karibu wote. Ndipo ukaribu ule niliousema mwanzo ukageuka kuwa balaa. Mlima ulio karibu kiasi cha kumfikisha fundi viatu juu kwa dakika chache, uko karibu pia kiasi cha mdunguaji kumwona mama anayevuka barabara na ndoo ya maji, na kuona rangi ya kilemba chake. Njia ya saruji ya Trebević ikawa handaki la wapiganaji, wakaitoboa kuta zake ili watoe mitutu. Barabara zilizopanuliwa kwa ajili ya mabasi ya wanamichezo zikapitisha malori ya silaha. Nimewahi kusikia watu wakisema michezo ile ilikuwa na nuksi. Mimi siamini nuksi. Saruji haina itikadi; humtumikia aliye juu yake.

Yuko mmoja aliyeijua milima ile vizuri. Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Sarajevo miaka mingi, na mshairi pia. Mwaka 1992 alipigwa picha za filamu akiwa vilimani na mwandishi wa Kirusi, Eduard Limonov, akimwonyesha mji uliolala chini yao. Na mgeni yule akakaa nyuma ya bunduki ya rashasha na kufyatua kuelekea mjini, kama mtalii anayejaribu mchezo wa wenyeji. Daktari aliwaongoza watu waliowapiga makombora wagonjwa wake wa jana.

Mji ulizingirwa siku 1,425, hadi tarehe 29 Februari 1996. Waliouawa ndani yake ni watu 11,541. Idadi hiyo ilihesabiwa kwa viti vyekundu vitupu vilivyopangwa katika barabara kuu mwezi Aprili 2012, kila kiti kwa mtu mmoja, na vile vidogo kwa watoto. Ukumbi wa Zetra, ambamo Waingereza Torvill na Dean waliteleza kwa muziki wakapewa alama kamili na majaji, uliteketea mwaka 1992. Mbao za viti vyake zilitumika kutengenezea majeneza, na viwanja vya karibu yake vikawa makaburi. Mikulić, yule aliyeisimamia michezo, alikufa mjini humo Aprili 1994, mzingiro ukiendelea.

Lakini lililonigusa mimi kuliko yote ni habari ya kuni. Majira ya baridi ya huko si ya mchezo. Umeme ulikatika, gesi ikakatika. Misitu ya Trebević na Igman ilionekana wazi kutoka kila dirisha, misonobari elfu kwa elfu, na hakuna aliyeweza kwenda kuchanja hata tawi. Hivyo watu walikata miti ya barabarani, wakamaliza ya bustani, wakaingia kwenye viti na makabati, kisha viatu vibovu na vitabu. Mji uliozungukwa na msitu ulikufa baridi kwa kukosa kuni.

Tundu lilikuwa moja tu. Mwaka 1993 wenyeji walichimba njia ya chini kwa chini, kiasi cha mita 800, ikipita chini ya uwanja wa ndege uliokuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Aliyetokea upande wa pili alipanda Igman kwa barabara ya mlimani akifuatwa na risasi. Agosti mwaka huohuo Waserbia waliichukua Bjelašnica na sehemu ya Igman. Ndege za NATO zilipotishia wakaondoka, lakini hoteli za Olimpiki waliziacha zikiwaka moto. Barabara ile ya Igman ndiyo iliyowaua wanadiplomasia watatu wa Marekani tarehe 19 Agosti 1995, gari lao la kivita lilipoporomoka bondeni. Siku tisa baadaye kombora lilianguka karibu na soko la Markale likaua watu 43. Soko hilo lilikuwa limepoteza watu 68 kwa kombora jingine tarehe 5 Februari 1994, siku tatu tu kabla ya kutimia miaka kumi tangu michezo ifunguliwe. NATO ikaanza kupiga mizinga ile ya vilimani kwa ndege, na mwezi Novemba wakubwa wakakutana Dayton, Marekani.

Hapa nataka nitaje watu wa kwetu, maana habari hii si ngeni kwa Arusha kama tunavyodhani. Mahakama ya Yugoslavia iliyokaa The Hague na ile ya Rwanda iliyokaa Arusha zilikuwa kama ndugu wa tumbo moja, zikitumia baraza moja la rufaa. Zilipofungwa, Umoja wa Mataifa uliunda taasisi moja ya kumalizia mashauri yaliyobaki, yenye ofisi Arusha na The Hague. Rufaa ya Karadžić ilipoamuliwa tarehe 20 Machi 2019, kifungo chake kikaongezwa kutoka miaka 40 hadi maisha, na miongoni mwa majaji watano alikuwamo Mtanzania, William Sekule. Rufaa ya Mladić iliamuliwa tarehe 8 Juni 2021, kifungo cha maisha kikabaki palepale. Kiti kilishikwa na Prisca Nyambe wa Zambia, ambaye alitofautiana na wenzake karibu katika kila jambo, na Elizabeth Ibanda-Nahamya wa Uganda alikuwa mmoja wa waliofanya wingi. Katika mashauri yote mawili, kuutia mji wa Sarajevo hofu kwa makombora na risasi kutoka vilimani lilikuwa kosa mojawapo lililothibitishwa.

Mkataba wa Dayton ulinyamazisha bunduki, jambo ambalo hatuwezi kulidharau. Lakini uliichora nchi mstari katikati: upande mmoja Shirikisho la Waislamu na Wakroeshia, upande mwingine Jamhuri ya Waserbia, Republika Srpska. Mstari huo ulipita juu ya milima ya Sarajevo. Bjelašnica na Igman zikabaki Shirikisho, Jahorina ikaenda kwa Waserbia, na Trebević ukakatwa. Mji uliojenga milima yake kama kitu kimoja ukaamka una viwanja viwili vya theluji vyenye wenyewe wawili, bajeti mbili na matangazo mawili. Jahorina ilipata mitambo mipya ya kisasa kwa fedha ya serikali ya upande wake, hasa kuanzia mwaka 2018, na hoteli zikaota kama uyoga. Bjelašnica imekwenda polepole zaidi. Mtu wa mjini hupiga hesabu ya theluji na bei, akaenda panapomfaa. Huyu mtelezaji wa Jumamosi, kwa maoni yangu, amevuka mstari ule mara nyingi kuliko wanasiasa wote wakiwekwa pamoja.

Trebević ulichelewa kurudi. Kwa miaka mingi baada ya vita watu waliuogopa. Ulikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, na hata palipokwisha kusafishwa, wazazi waliwaambia watoto wasikanyage. Ulikuwa pia ni mlima wa kumbukumbu mbaya; ukiwa mtu umepigwa kutoka mahali fulani kwa karibu miaka minne, huwezi kupeleka kikapu cha chakula pale kwa sababu tu umeambiwa vita imekwisha. Nguzo za gari la waya zilisimama na kutu. Mara kwa mara meya alitoa ahadi. Mwishowe aliyeleta sehemu kubwa ya fedha ya kwanza alikuwa Mholanzi, Edmond Offermanns, aliyeoa mwanamke wa Sarajevo, na tarehe 6 Aprili 2018, siku ya mji na siku ileile mapigano yalipoanza mwaka 1992, gari la waya likatembea tena. Vijumba ni 33, na vitano kati yake vimepakwa rangi za pete za Olimpiki. Safari haifiki dakika kumi.

Mwaka uliofuata, Februari 2019, Sarajevo na mji jirani wa upande wa Waserbia, uitwao Sarajevo Mashariki, waliandaa pamoja michezo ya vijana wa Ulaya ya majira ya baridi. Ilikuwa ifanyike 2017, maandalizi yakachelewa, wakabadilishana zamu na Erzurum ya Uturuki. Bjelašnica na Jahorina zikatumika katika mashindano mamoja. Sisemi kwamba michezo ile iliwapatanisha. Uchaguzi uliofuata ulisikika lugha ileile ya chuki. Nasema tu kwamba kwa juma moja basi lilitoka mlima huu kwenda mlima ule, na dereva hakuulizwa kabila.

Siku hizi milima ya Sarajevo haisubiri theluji ili ifanye kazi, na ni heri, kwa kuwa theluji yenyewe imekuwa haba na mitambo ya kuitengeneza kwa maji huwashwa mara kwa mara. Wakati wa joto hupanda waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Kijiji cha Lukomir, kule juu ya Bjelašnica karibu mita 1,500, chenye nyumba za mawe na mapaa ya mbao, hupokea wageni wa kila lugha. Wengi hutoka nchi za Ghuba, wakikimbia joto la kwao. Mtu wa Muscat au Kuwait huiona mvua nyepesi ya Julai ya Igman kuwa ni neema ya kulipia nauli. Chini ya Igman, pale Ilidža, watu hutembea kwenye chemchemi za mto Bosna, ulioipa nchi jina.

Na bado kuna baridi, na baridi ina shughuli yake mpya. Bonde lile likifunikwa na hewa baridi mwezi Desemba au Januari, moshi wa makaa ya mawe, kuni na magari hukosa pa kutokea. Hukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, siku baada ya siku, na yamekuwapo majira ambayo hewa ya Sarajevo ilipimwa kuwa miongoni mwa chafu kabisa duniani. Hospitali hujaa watoto wanaokohoa. Siku hizo foleni ya gari la waya huwa ndefu. Hawaendi kuteleza. Wanapanda na wazee na watoto wachanga, kijumba kinaingia katika ukungu wa kijivu usioona mkono wako, kinakwenda dakika kadhaa, kisha kinatoboa juu, na hapo kuna jua.

Wakishuka kwenye kituo cha juu, wengi hufuata njia ya msituni hadi kwenye ile njia ya saruji ya mwaka 1984. Vijana wameipaka michoro ya kila rangi kutoka juu hadi chini. Matundu ya mitutu yangalipo katika kuta. Sehemu fulani imefanyiwa ukarabati, na wanamichezo hufanya mazoezi humo wakati wa joto kwa vigari vyenye magurudumu. Mbele kidogo njia ya miguu inavuka mstari wa Dayton kuelekea kileleni. Hakuna lango, hakuna askari, ila maandishi ya vibao yanabadilika herufi. Na kandokando, mahali ambapo msitu haujasafishwa, kuna vibao vyekundu vyenye picha ya fuvu la kichwa. Wenye watoto wadogo huwashika mkono hapo.